BAISKELI YA STIMA KWA BEI YA PUNGUZO
Hesabu ya kufanywa kabla ya kutuma pesa

Siku hizi wakulima wanaofika katika afisi ya kilimo hapa Kanyakine kuuliza habari za mbolea huwa wana swali la pili, nalo hulitoa mwishoni kabisa, wakiwa wamekwisha kusimama kwenda zao. Mtu hutoa simu mfukoni na kumwonyesha karani picha ya baiskeli ya stima. Chini ya picha pana bei mbili. Ya kwanza ni kubwa nayo imepigwa mstari, ya pili ni ndogo na imeandikwa kwa rangi nyekundu. Kisha huuliza, “Mwalimu, hii ni kweli?”

Baiskeli ni kweli. Zinauzwa kwa njia ya intaneti, na wengine katika Imenti Kusini wamekwisha kuzinunua. Lakini mwenye shamba la settlement, ambaye pesa zake huja kwa mafungu, hawezi kuridhika na jibu hilo. Yampasa ajue kitu hicho kitamlipa au hakitamlipa. Kwa hiyo na tuketi tufanye hesabu pamoja, kama ilivyokuwa desturi yangu darasani kabla sijaja afisini.

Tuseme bei iliyopigwa mstari ni shilingi 95,000, na bei ya punguzo ni shilingi 58,000. Watu husema, “Nimeokoa shilingi 37,000.” Sivyo. Wewe umetoa shilingi 58,000. Bei ile ya kupigwa mstari sijaona bado mtu aliyeilipa, na ikiwa hakuna aliyeilipa basi haituhusu. Tuifute kabisa.

Sasa tuseme mkulima hupeleka maziwa kila asubuhi kwa bodaboda naye hulipa shilingi 100 kwenda na kurudi. Akiwa na baiskeli ya stima atahitaji kujaza betri usiku. Betri ya kiasi cha kawaida hula kama yuniti 0.6 kutoka ukutani, na hata yuniti ikimfikia kwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 18. Ameokoa shilingi 82 kwa siku. Ng'ombe hukamuliwa Jumapili pia, kwa hiyo kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 2,460. Gawanya 58,000 kwa 2,460. Utapata karibu miezi 24. Yaani baiskeli itafanya kazi miaka miwili kurudisha pesa zako, na hapo hatujahesabu breki, matairi wala gharama ya kuisafirisha.

Si hesabu mbaya. Ng'ombe wa gredi naye hukawia kurudisha pesa. Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo picha haielezi vizuri, nalo ni betri.

Betri huhesabiwa umri kwa mara inazojazwa. Zile za risasi na asidi, jamaa ya betri ya gari, zikimalizwa nguvu kila siku hudumu mara 300 au 400 hivi. Ukijaza kila usiku, mara 400 ni miezi 13. Betri ya lithiamu hudumu mara 500 mpaka 1,000, kwa jinsi ilivyoundwa na inavyotunzwa. Tukichukua katikati, mara 750, ni miezi 25. Sasa rudi kwenye miezi yetu 24. Mwenye betri ya lithiamu nzuri atakuwa amerudisha pesa zake betri inapoanza kuchoka. Mwenye betri ya asidi atanunua betri nyingine katikati ya safari, kabla baiskeli haijalipa hata robo tatu ya gharama yake. Mara nyingi punguzo lote la bei limetoka hapo. Fremu ni ile ile, taa ni zile zile, betri ndiyo imebadilishwa.

Utaijuaje? Uliza uzito. Betri ya asidi ya volti 48 hufungwa kwa betri ndogo 4 za volti 12, na kila moja huweza kuwa na kilo 4. Hizo ni kilo 16 kabla hujapakia debe la maziwa. Ya lithiamu yenye nguvu sawa ina kilo chache tu. Muuzaji asiyetaka kuandika aina ya betri wala uzito wake, mwache na baiskeli yake.

Jambo la pili ni milima yetu. Matangazo husema baiskeli itakwenda kilomita 50 au 60. Maneno hayo hupimwa barabara ikiwa tambarare, mwendeshaji akiwa mwepesi na akisaidia kwa pedali. Wenzetu wa Mwea, waliopewa mashamba ya mpunga tangu miaka ya 1950, wanaweza kuyaamini kwa sehemu kubwa, kwa kuwa nchi yao ni kama meza. Sisi tulio chini ya Mlima Kenya hatuwezi.

Nguvu ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea za saa, na hizo zote huandikwa ubavuni mwa betri. Volti 36 mara 10 ni 360. Hizo huitwa wati-saa. Sasa chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 30 na maziwa ya kilo 20, jumla kilo 120. Kuupandisha mzigo huo kutoka mtoni mpaka barabarani, tuseme mita 300 za kwenda juu, ni kazi ya wati-saa 98. Mota nayo hupoteza nyingine kwa joto, kwa hiyo betri itatoa kama 130. Hiyo ni zaidi ya thuluthi ya betri nzima kwa mlima mmoja, bila kuhesabu mwendo wenyewe wala matope. Mwenye shamba la bondeni na atafute betri ya volti 48 na ampea zisizopungua 10, au akubali kukanyaga pedali. Na kuna kushuka. Kilo 120 zikiteremka mlima wa murram wakati wa mvua zinataka breki za sahani mbele na nyuma, wala si breki za vipira.

Nitaeleza yaliyompata mkulima mmoja wa upande wetu wa chini, ambaye jina lake tunaliacha. Maziwa yake yalikuwa yakirudishwa mara kwa mara kwa kuchelewa, maana bodaboda aliyempelekea alikuwa na wateja wengine watano. Maziwa yaliyorudishwa ni hasara mara mbili: umelisha ng'ombe na hukupata kitu. Mwezi wa Novemba, wakati wauzaji wa intaneti wanapotangaza punguzo kubwa la mwaka, aliona baiskeli kwa bei nzuri. Mkewe hakukubali upesi. Alisema, “Baba, Januari ni karo. Hiyo baiskeli itasoma Form Two?” Walikubaliana kwamba pesa za karo zisiguswe, wakauza dume mmoja badala yake.

Sanduku lilifika Nkubu kwa gari la vifurushi baada ya wiki tatu. Baiskeli ilikuwa nzima. Lakini chaja ilikuwa na meno mawili bapa yasiyoingia katika plagi yetu ya meno matatu. Mzee alikuwa tayari kwenda kununua kibadilishi cha plagi dukani. Binti yake, aliye shule ya sekondari, ndiye aliyegeuza chaja akasoma maandishi madogo ya nyuma. “Baba, hapa imeandikwa 110. Stima yetu ni 240.” Kama wangeichomeka usiku ule, chaja ingalikwisha, na huenda ingalikuwa zaidi ya chaja, kwa sababu ilikuwa imewekwa karibu na nyasi kavu za ng'ombe.

Muuzaji alipopigiwa simu alisema sanduku lirudishwe kwa gharama ya mnunuzi. Mzee akatafuta chaja nyingine, na hapo pana mtego mwingine wa kuangaliwa. Fundi wa kwanza alimpa chaja ya betri ya volti 48, akisema zote ni moja. Si moja. Chaja ya betri ya lithiamu ya volti 36 hutoa volti 42, na ya betri ya volti 48 hutoa volti 54.6. Ukiitia betri ndogo katika chaja kubwa waweza kuiunguza, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo moja ya maji. Chaja iliyofaa ilipatikana baada ya siku tisa. Siku zote hizo baiskeli ilisimama ghalani, na maziwa yalikwenda kwa bodaboda yule yule.

Tangu hapo inamfanyia kazi. Maziwa yake hufika saa kumi na mbili na nusu, na kwa muda wa miezi mitano hayajarudishwa hata mara moja. Hilo halimo katika hesabu yangu ya juu, na ni haki kulitaja, kwa maana debe moja lililokubaliwa laweza kulipa safari za juma zima.

Wale wanaotaka kuagiza moja kwa moja kutoka nchi za nje yafaa wajue mambo mawili. Kwanza, bei ya kwenye picha si bei ya kufika Kenya. Kuna nauli, ushuru wa forodha na gharama za kutoa mzigo. Pili, tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo zimekatazwa katika ndege za abiria. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kuleta betri kubwa kwa siku nne, kwa bei ndogo, anapaswa kueleza itapanda nini. Wengine huleta baiskeli bila betri, na neno hilo limeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Mambo ni hivyo hivyo kwa pikipiki za stima. Wengi wetu twakumbuka jinsi pikipiki zilivyofurika baada ya Serikali kuondoa kodi ya VAT mwaka 2008 kwa zile ndogo. Sasa za stima zinafuata njia hiyo. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo mwaka 2019, na Nairobi kampuni ya Roam, iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, ilifungua kiwanda chake mwaka 2023. Baadhi ya pikipiki hizi huuzwa rahisi kwa sababu betri si yako. Unabadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa katika kituo, na unalipia kila mara. Huo ni mpango mzuri kwa mtu wa mjini. Mkulima aulize kwanza kituo kilicho karibu naye kiko wapi, na aende akakione kwa macho. Pia pikipiki ni pikipiki hata isipolia: itataka kusajiliwa na NTSA, bima, leseni na kofia ya chuma. Na mwaka 2023 ilipotangazwa bei nafuu ya stima kwa vyombo hivi, ilikuwa ya wenye mita maalum. Ukichaji nyumbani hesabu ni ya mita ya nyumbani.

Juu ya kulipa, sheria haikumwacha mnunuzi peke yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataja mikataba ya intaneti, nayo yataka muuzaji aeleze mambo yote ya lazima kabla ya mkataba, na ampe mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha. Lakini sheria haimfukuzi mtu ambaye hana anwani. Lipa mzigo ukifika kama muuzaji anaruhusu. Kama haruhusu, na pesa zaombwa zitumwe kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi badala ya duka, usitume. Fungua sanduku mbele ya mwenye kuleta, piga picha, soma chaja, linganisha volti zake na za betri. Weka karatasi zote mahali pamoja na za shamba.

Ama kuhusu mkopo. Wazee waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962 wanajua deni la kulipwa kidogo kidogo lilivyo, na watoto wao waliliona pia. Mkopo wa simu wa kulipwa kwa mwezi mmoja haufai hata kidogo kwa kitu cha kurudisha pesa kwa miezi 24. Afadhali kungoja malipo ya kahawa, hata kama punguzo litapita. Litarudi Novemba nyingine. Na Novemba, kwetu, ndiyo mvua na ndiyo mavuno ya kahawa, kwa hiyo baiskeli inunuliwayo mwezi huo hujifunzia kazi katika matope mabaya kuliko yote ya mwaka.

Ikifika nyumbani, ijaze mahali pakavu penye hewa, mbali na nyasi, mafuta ya taa na chumba cha kulala, na mtu awe macho. Stima ikikatika ondoa plagi, kwani ikirudi huja kwa nguvu. Usiioshe kwa mpira wa maji kama unavyoosha zizi. Kitambaa chenye maji chatosha. Ikiwa haitatumika kwa wiki kadhaa, iache betri ya lithiamu ikiwa na nusu, si tupu. Na betri iliyokufa isitupwe mtoni wala kufukiwa shambani. Irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa wanaokusanya vyuma na betri mjini. Yenye risasi wao huinunua kwa kilo.

Mwenye kutaka hesabu yake mwenyewe na aje afisini na tangazo, pamoja na idadi ya lita zake na nauli anayolipa sasa. Inachukua kama robo saa.