Boma: Kutoka Ngome ya Langenburg hadi Ofisi ya Wilaya

Wapo wanaodai kuwa neno boma ni ufupisho wa jina la Kiingereza la utawala wa kijeshi. Dai hilo halina msingi: Henry Morton Stanley alikwisha kulitumia katika kitabu chake cha 1872, kabla ya utawala huo kuwapo. Asili yake ni ua wa miti au miiba uliolinda watu na mifugo. Mwenyeji ndiye aliyeujenga, na mlango ulifungwa ili kumzuia mgeni. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa maana hiyo ilipinduliwa.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann aliweka kituo cha Langenburg ufukweni, chini ya Milima ya Livingstone, mashariki ya nchi tambarare ya Kyela. Meli iliyopewa jina lake ililetwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Baadaye makao yalihamishiwa nyanda za juu, Tukuyu, yakaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya.

Sasa aliyekuwa ndani ya ukuta ni mgeni, na mwenyeji ndiye aliyesimama mlangoni. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa 1897, ililipwa bomani. Mashauri yalikatwa bomani. Kiambishi -ni hapo hakitaji mahali tu, bali mamlaka. Septemba 1914 kikosi kutoka huko kilivuka Songwe kikashindwa Karonga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaitwaa Neu-Langenburg. Waingereza walilifuta jina la Kijerumani, lakini boma wakalibakiza. Hata baada ya uhuru liliendelea kuwa ofisi za Wilaya ya Rungwe, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake kabla ya kufanywa wilaya.

Kwingineko majengo ya namna hii yamebadili kazi: Boma la Arusha, la 1900, ni makumbusho, la Mikindani, la 1895, limekuwa hoteli. Neno lenyewe limetembea zaidi. Wanaofunga ndoa ya serikali husemwa wameoana bomani, hata kama ofisi ni ya matofali ya juzi. Na katika taarifa za halmashauri, maboma ni kuta za madarasa na zahanati zilizoinuliwa kwa nguvu za wanakijiji, zikisubiri mabati kutoka wilayani.