Uliza chipu, usiulize boksi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalowagharimu fedha bure vijana wengi wa mijini. Mtu hujinyima, akanunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, akaiwekea Linux, kwa kuwa Linux hailipiwi na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kumgawia mwenzake. Kioo chafanya kazi, sauti yatoka, kibodi ni nzima. Waifai ndiyo haipatikani. Anakwenda kwa fundi, naye anamwambia: "Kadi yako imekufa, nunua nyingine."

Mimi nasema, mara nyingi kadi hiyo haikufa. Ni nzima kabisa, ila haina wa kuiamuru.

Kila kifaa ndani ya kompyuta huhitaji programu ndogo inayojua kusema nacho. Mafundi huiita draiva, na kweli kazi yake ni ya dereva: gari liwe jipya namna gani, bila dereva halitoki uani. Lakini mwenye kuandika draiva sharti ajue chipu inapokeaje amri, na habari hizo zimo mikononi mwa kiwanda. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Kadi za waifai zilipoenea miaka ya 2000, viwanda vingi viliandika draiva za Windows tu, na siri ya chipu vikaifungia kabatini.

Chukueni mfano wa Broadcom ya Marekani. Chipu zake zilikuwa ndani ya kompyuta nyingi, lakini draiva iliyo wazi kwa Linux hakuna. Watu hawakukaa kulia. Wengine walitengeneza programu iitwayo ndiswrapper, ambayo kazi yake ni kuihadaa draiva ya Windows ijione iko nyumbani kwao. Wengine waligawana kazi: kundi moja liliichambua draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya jinsi chipu inavyotenda, kundi la pili, lisilogusa draiva ile, likaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo. Mwaka 2006 draiva yao iliingizwa katika Linux toleo la 2.6.17. Hatimaye viwanda vyenyewe vililegea. Atheros ilitoa draiva iliyo wazi mwaka 2008, na Broadcom ikafuata mwaka 2010 kwa chipu zake mpya za wakati huo.

Yuko mdudu wa pili. Kadi nyingi, hata zikiwa na draiva, hudai fimwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila inapowashwa. Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwa miaka mingi haikuweka fimwea zisizo wazi katika diski yake ya kawaida. Basi mtu alihitaji mtandao ili apate fimwea, na alihitaji fimwea ili apate mtandao! Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea hizo zimo ndani ya diski.

Sasa ufanye nini kabla ya kutoa pesa? Kwanza, tazama kama waifai imezimwa tu. Amri ya rfkill list itakuambia. Pili, ijue chipu yako. Andika lspci -nn kwa kadi iliyo ndani, au lsusb kwa ile inayochomekwa nje. Utapata jina la chipu na namba zake, na kwa namba hizo utajua draiva ipi inaihusu. Tatu, andika sudo dmesg usome kompyuta inalalamikia nini. Fimwea ikikosekana, mara nyingi itakutajia faili lenyewe. Nne, azima mtandao wa simu yako kwa waya wa USB, upakue kinachopungua. Dawa ni hiyo, na fundi hakulipwa kitu.

Ukilazimika kununua kadi, usidanganywe na picha ya boksi. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ilikuwa na chipu ya Atheros. Toleo la pili lilikuja na ya Realtek. Jina moja, umbo moja, dereva mbalimbali. Kwa hiyo muulize mwenye duka namba ya toleo, na akikukasirikia, nenda duka la pili.

Wasemao kwamba haya ni mambo ya wataalamu peke yao, sikubaliani nao. Mwenye kununua kitu kwa fedha yake ana haki ya kujua kinavyofanya kazi. Kiwanda kinapoficha siri ya chipu, gharama haibaki kiwandani. Hulipwa na kijana anayetupa kadi nzima jalalani na kununua nyingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi tuongeze: asiyeuliza hulipa mara mbili.