Mnyauko wa Nyanya na Dawa Iliyofungwa Gandani

Mkulima wa nyanya huko Miyuji, kaskazini mwa mji wa Dodoma, katika eneo ambalo mvua yake ya mwaka mzima ni takriban milimita 570, huweza kuuvumilia ukame kwa kuwa ameuzoea tangu utoto. Walakini mnyauko bakteria haumpi nafasi ya kujitayarisha. Mche uliostawi asubuhi hulegea majani jua linapokuwa kali, hujikongoja ukasimama tena jioni, na baada ya siku chache hufa ungali na ukijani wake, bila ya kumwonya mwenyewe kwa doa wala kwa manjano. Atakaye yakini na akate kipande cha shina karibu na mzizi, akining'inize katika bilauri ya maji safi: ikiwa ndio maradhi yenyewe, ataona nyuzi za uteute mweupe zikiteremka polepole.

Uteute huo ni umati wa bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye huingia kwa majeraha ya mizizi, akazaana ndani ya mishipa ipandishayo maji hata akaiziba. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo na tumbaku, ukoo wote huo kwake ni halali. Na mmea ukiisha kufa, yeye husalia udongoni kwa miaka. Mwenziwe kwa dhara, ingawa si kwa nasaba, ni yule wa mnyauko wa migomba, aliyeelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, akazuka Uganda mwaka 2001, kisha akavuka mpaka akaingia Kagera na kuwatia Wahaya msiba katika chakula chao cha kila siku.

Silaha ya zamani dhidi ya maradhi ya namna hii ni shaba. Mwaka 1885 mtaalamu Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alidhihirisha kuwa mrututu ukichanganywa na chokaa huilinda mizabibu, na tangu hapo dawa za shaba zimepulizwa ulimwenguni kote, hata katika kahawa ya Kilimanjaro. Lakini shaba hukaa juu ya jani, mvua huiosha, aghalabu huishia ardhini ambako haiozi asilani, na wako bakteria waliokwisha kuistahimili. Fauka ya hayo, adui wa nyanya yumo ndani ya mshipa, na kumpulizia majani ni kama kukomea mlango ilhali mwizi amekwisha kulala uvunguni.

Hapa ndipo wataalamu walipogeukia vibebeo vya nano. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni, na kibebeo chenye upana wa nanomita 100 ni kidogo mara kumi au zaidi kuliko urefu wa bakteria mwenyewe. Hutengenezwa kwa mafuta, kwa udongo wa mfinyanzi, kwa silika yenye vitundu, au kwa kitosani, ambayo asili yake ni magamba ya kamba na kaa, taka tupu kwa wapishi wa pwani. Dawa hutiwa ndani. Ganda huikinga na jua na mvua, na likiundwa kwa hikima halifunguki ila likutanapo na yale yaletwayo na ugonjwa wenyewe, mathalani vimeng'enya ambavyo bakteria huvitoa ili kuzibomoa kuta za mmea. Kwa hivyo adui ndiye ajifunguliaye sumu yake. Kitosani nayo ina fadhila ya ziada, kwani huuamsha mmea ujitetee.

Nionavyo mimi, uzuri wa elimu hii hauko katika ukali wa dawa bali katika kuziwezesha dawa za upole. Mafuta ya karafuu, zile zile za Unguja na Pemba, huua bakteria wengi maabarani, ila hayachanganyiki na maji, tena hutoweka hewani upesi. Yakifungwa gandani hutulia na kutoka kidogo kidogo. Wala maarifa haya si mageni kwetu: Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza Afrika Kusini utafiti wa kuzifunga vivyo hivyo dawa za kifua kikuu, kabla ya kuja katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha.

Tahadhari, hata hivyo, ni wajibu. Mengi yaliyofanikiwa kwenye vyungu vya maabara hupungukiwa na nguvu shambani, kwa kuwa udongo hunasa chembe kabla hazijafika mzizini. Tena si kila chembe ya nano huoza: kitosani huliwa na vijidudu, lakini chembe za fedha na shaba hubaki, na huenda zikazama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, ilhali mji wa Dodoma hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Makutupora. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo ni sharti isajili kila dawa kabla haijauzwa, ina haki ya kuuliza hayo kwa ukali.

Wakati huohuo bwana shamba ataendelea kushauri kubadilisha nyanya kwa mahindi au mtama, kung'oa mche mgonjwa pamoja na mizizi yake, na kupandikiza kikonyo cha nyanya juu ya shina la bilinganya listahimilio ugonjwa. Na dawa yoyote ya nano itakayofika katika duka la pembejeo itabidi ishindane kwa bei na wembe wa kupandikizia.