Wimbo Anaouimba Mwana Peke Yake

Zinapofika likizo za shule, majumba yetu hujaa sauti. Binti wa miaka saba husimama juu ya kochi, mtandio umegeuka joho la kimalkia, akaimba kwa nguvu zake zote wimbo wa Kiingereza ambao nusu ya maneno yake anayafahamu na nusu anayakisia. Aghalabu wimbo huo ni "Let It Go", wa filamu ya katuni ya Frozen iliyotoka mwaka 2013. Mama amekwisha kuuchoka. Baba anauliza kama hakuna kasida.

Juu ya muziki na ala zake, wanavyuoni wamekhitalifiana tangu kale. Wapo wanaokataza, na wapo wanaoruhusu kwa masharti. Imam Ghazali alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumiddin kuzungumzia usikilizaji na athari ya sauti katika moyo. Kila nyumba ina msimamo wake na masheikh wake wa kuwauliza, nasi hatutaingia huko. Twataka kuuliza jambo jingine: nyimbo hizi zasema nini, hata zikamshika mwana kiasi hiki?

Aliyeziweka katika mkondo wake wa sasa ni Mmarekani Howard Ashman, mtu wa michezo ya jukwaani ya New York. Yeye aliandika maneno, na Alan Menken akatunga muziki, ya The Little Mermaid, filamu ya mwaka 1989 kuhusu Ariel, binti nguva. Ashman alishikilia kwamba mapema katika mchezo wa nyimbo, mhusika mkuu hana budi kuketi mahali akaimba lile analolitamani kuliko yote. Tangu hapo hadhira humfuata aendako. Wimbo wa Ariel, "Part of Your World", ulikaribia kukatwa, kwa kuwa watoto walionekana kuchoka katika onyesho la majaribio. Ashman na wenzake wakautetea hadi ukabaki. Jodi Benson alipourekodi, taa za studio zilipunguzwa ili ajione yu chini ya bahari, na Ashman akamwongoza aimbe kama anayezungumza na nafsi yake. Ashman alifariki mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 40, lakini kanuni yake ingali hai katika karibu kila filamu ya aina hii.

Sasa tazama mahali zinapoimbwa. Ariel aimba pangoni, alikoficha vitu vyake. Elsa wa Frozen aimba mlimani, usiku, hakuna mtu. Moana aimba ufukoni, uso kauelekeza baharini. Hakuna hata mmoja anayemwimbia mzazi wake. Na katika hadithi zote tatu baba yuko, tena baba mwenye mapenzi. Baba yake Ariel akiligundua lile pango huvivunja vyote vilivyomo. Baba yake Elsa, kabla hajafa maji, alimvisha mwanawe glavu na kumfundisha kuficha. Hawa si wazazi waovu. Ni wazazi waliokuwa na khofu, na khofu yao ikawafunga masikio.

Pwani yetu nayo yajua kusema kwa wimbo lisilosemeka kwa mdomo mkavu. Wanawake wa vugo na wa lelemama walilifanya hilo vizazi vingi, na taarabu imejengwa juu ya mafumbo. Tofauti ni kwamba fumbo la taarabu lina mlengwa. Anayekusudiwa yuko ukumbini na anajijua. Wimbo wa katuni hauna mlengwa. Mwana huutoa moyo wake wote, na hakuna aliyesikia ila watazamaji. Hapo ndipo mzazi anapaswa kusita kidogo kabla ya kusema "punguza kelele." Nabii Yusuf (A.S.), alipoota ndoto yake, aliipeleka kwa babake, na Nabii Yaakub (A.S.) akasikiliza kwanza, kisha ndipo akamwusia.

Kati ya hadithi hizi, ile ya Moana, ya mwaka 2016, ndiyo iliyo karibu nasi, kwani ni ya watu wa visiwa na majahazi, ingawa bahari yao ni Pasifiki. Wimbo wake mkuu, "How Far I'll Go", uliandikwa na Lin-Manuel Miranda na kuimbwa na Auli'i Cravalho wa Hawaii, aliyekuwa na miaka 14 alipochaguliwa. Baba amkataza Moana kuvuka mwamba wa matumbawe. Baadaye twaelezwa sababu: ujanani alivuka yeye, na bahari ikamchukua rafiki yake. Ni nyumba ngapi kutoka Lamu hadi Vanga zenye msiba wa namna hiyo usiotajwa mbele ya watoto? Lakini Moana ana bibi, naye bibi humsikiliza. Ni yeye pia anayemfunulia kwamba wahenga wao walikuwa mabaharia. Binti hatoki nyumbani kwa kuasi asili yake. Atoka kwa kuifuata.

Kwa wana wa madrasa kuna zawadi ambayo wengi hawaijui. Filamu za zamani za Disney zilitiwa sauti kwa Kiarabu cha Misri, lakini Frozen ilitolewa kwa Kiarabu fasaha, jambo lililozua mjadala miongoni mwa Waarabu wenyewe. Mwimbaji ni Mmisri, Nesma Mahgoub. Jina la wimbo kwa Kiarabu ni "Atliqi Sirraki", yaani iachilie siri yako. Neno sirr ndilo siri yetu hii hii, na mwana aliyeanza kusoma sarufi ataitambua amri ya kike katika neno la kwanza. Wimbo alioukariri bila kuelewa waweza kumfungulia somo ambalo ubao wa darasani haukumfungulia.

Neno kidogo juu ya koo. Idina Menzel, aliyeimba "Let It Go", ni mtu mzima aliyezoezwa jukwaani, na noti ya juu kabisa ya wimbo huo hutikisa nyuzi za sauti takriban mara 622 kwa sekunde. Mtoto asishindane naye kwa kupiga ukelele. Na aanze wimbo mahali pa chini zaidi, avute pumzi hadi tumboni, anywe maji. Sauti ikikauka, anyamaze siku mbili tatu. Ikikaa wiki kadhaa bila kurudi, aonwe na daktari.

Imebaki habari moja ambayo watoto huisahau. Watunzi wa "Let It Go" ni mume na mke, Robert Lopez na Kristen Anderson-Lopez. Elsa alikusudiwa awe adui wa hadithi, na ni wimbo huo uliowafanya watengenezaji waandike upya tabia yake. Walakini hawakuufanya kuwa mwisho wa safari. Kasri la barafu analolijenga akiimba halina mtu mwingine ndani. Baadaye nduguye Anna aupanda mlima kumtafuta, naye Elsa, bila kukusudia, amjeruhi moyoni kwa ile nguvu aliyokuwa akiishangilia. Sehemu hiyo haina wimbo unaoimbwa juu ya makochi. Mwulize bintiyo akusimulie.