Ala za muziki kwa shule zetu: tujibu nini rafiki akiuliza?

Shule nyingi za makanisa yetu hapa Kindu zina watoto wanaoimba vizuri, lakini hazina ala. Kwa hiyo kanisa rafiki la Ulaya au Marekani likiuliza, "Tuwatumie vinanda?", tunakubali haraka. Wengine huogopa kwamba wakisita, urafiki utakwisha. Lakini ni vema kwanza kujua zawadi hiyo itakutana na nini.

Kwanza ni njia. Mzigo ulioshushwa Dar es Salaam huenda kwa reli hadi Kigoma, huvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha hufuata reli kupitia Kabalo mpaka Kindu. Ukitoka Kinshasa kwa mto, maporomoko ya Boyoma huuzuia Kisangani. Hapo hupanda reli hadi Ubundu, ndipo urudi majini. Kila mahali ni kupakua na kupakia tena. Usafiri na ushuru wa forodha vinaweza kuzidi bei ya ala yenyewe, basi tupatane mapema nani atalipa.

Pili ni hali ya hewa. Unyevu hulegeza gundi ya gitaa na vayolini, hupinda mbao, na nyuzi hushika kutu. Tarumbeta huvumilia zaidi, ila vali zake zinahitaji mafuta. Kinanda cha umeme, bila umeme, ni meza tu.

Tatu, na kubwa kuliko yote, ni watu. Tutazame Kinshasa. Orkesta ya Wakimbanguisti ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Mwanzoni vayolini zilikuwa chache, wapigaji wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Walijifunza hata kuunda ala wenyewe. Misaada ya nje ilipokuja, ilikuta watu wanaojua kupiga, kufundisha na kutengeneza.

Basi katika barua yetu ya majibu tueleze wazi:

- Nani atafundisha, na mara ngapi kwa juma?
- Umeme upo au haupo?
- Ala zitatunzwa wapi, na nani atashika ufunguo?
- Kuna fundi karibu?
- Nyuzi za akiba, mafuta na masanduku ya kubebea vitakuja pamoja na ala?

Kama mwalimu hayupo, tuombe msaada wa kumfundisha mmoja. Kama fedha ni kidogo, tununue ngoma kwa mafundi wa hapa: hazihitaji umeme wala ushuru, na ngozi ikipasuka fundi yu jirani.

Kumwambia rafiki, "Msitume vinanda mwaka huu, tusaidieni kumsomesha mwalimu," si kukosa shukrani. Rafiki aliyejinyima ili atoe angependa kusikia hivyo kuliko kuja kututembelea siku moja, akaikuta zawadi yake imefungiwa depo, na watoto hawajawahi kuigusa.