Hupendi drama kazini? Hizi kazi za viwanda vya kemikali zinaweza kukubamba

Kuna msee mmoja kila ploti. Dawa ya mbu anasoma maagizo mpaka nyuma ya kopo, chai yake inapimwa na kijiko kilekile kila siku, na ukimwambia "tujaribu tu tuone" anakasirika. Mtaa unamcheka. Manze, huyo ndiye viwanda vya Industrial Area na Athi River vinatafuta.

Tunaongelea kazi za kuchanganya sabuni, rangi za nyumba, losheni na dawa za kusafisha. Haina kubuni kitu. Unapewa karatasi ya bechi, unaifuata.

Chukua sabuni ya maji. Karatasi inakuambia maji lita ngapi, Ungerol kilo ngapi, na ukoroge polepole, juu ukikimbia utajaza povu pipa lote. Halafu inakuja chumvi. Ndio, ile ya jikoni. Ndiyo hufanya sabuni iwe nzito. Sasa ujanja uko hapa: ukipitisha kipimo, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji, na ukizidi kuongeza unaharibu zaidi. Mjuaji wa kupima na macho amemwaga doh ya mdosi asubuhi moja. Ndio maana kila hatua unaandika saa, uzito na namba ya gunia, kisha unasaini. Wateja wakilalamika baada ya miezi mbili, hiyo karatasi ndiyo inaonyesha noma ilianzia wapi.

Kuna hatua zingine si za sabuni kuharibika, ni za macho yako. Ukipunguza makali ya asidi, asidi ndiyo inaingia kwa maji, pole pole. Ukigeuza, umwage maji juu ya asidi kali, joto linapanda ghafla, maji yanachemka na yanakurukia usoni. Kostiki soda nayo huchemsha maji ukiitia, na inakula ngozi. Mtu wa "hii hatua tuiruke, tumechelewa" asikaribie hapo.

Upande wa maabara ni kupima: uzito, rangi, pH. Hiyo pH inatoka 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Unapima sampuli 20 kwa siku, zote zinafanana, na wewe uko tu sawa. Huko wengi huingia na diploma ya kemia. Kwa sakafu ya kuchanganya, kuna viwanda huchukua mtu wa Form Four na kumfundisha hapo hapo.

Ukweli mchungu sasa. Wengi huanzia getini saa kumi na mbili asubuhi, kama vibarua wa kulipwa kwa siku, na wengine hukaa hivyo miaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja au zaidi, anahesabiwa kama mtu wa kulipwa kwa mwezi. Hapo hawezi kuambiwa tu "kesho usikuje" bila notisi. Shida ni ushahidi. Kwa hivyo ile tabia yako ya kuandika kila kitu, itumie pia kwako: tarehe, shifti, msimamizi, pesa uliyopewa. Tunza meseji za M-Pesa.

Glavu, miwani na gambuti pia ni za mwajiri kukupa, chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Akikuambia ununue zako ama akate kwa mshahara, huyo amekosea.

Na siku ya kwanza kabla ushike pipa lolote, uliza maji ya kuosha macho yako wapi. Wakianza kuangaliana, buda, umeshajua ni kiwanda cha aina gani.