Bei ya Haki ya Bunduki ya Vita Iliyobadilishwa

Bunduki za vita za zamani zina soko kubwa huko Uingereza na Marekani. Wanunuzi wake ni wa namna mbili: wale wazikusanyao kwa ajili ya historia yake, na wale watakao kuwindia. Lakini nyingi haziko tena kama zilivyotoka kiwandani. Zimekatwa, zimechongwa, au zimetiwa vyuma vipya. Muuzaji husema, "Hii ni ya kale, kwa hiyo ni ghali." Maneno hayo yamepotosha wanunuzi wengi, na kwa kutojua, warithi nao wameuza mali ya baba yao kwa bei ya kuni. Umri peke yake haufanyi bei. Yapasa kuuliza: Nani aliibadilisha? Je, yaweza kurudishwa hali yake? Je, ni salama?

Kwanza, nani aliibadilisha. Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilipata bunduki ya Enfield, iliyoshindiliwa baruti na risasi kwa mdeki kupitia mdomoni, kama gobori. Mwaka 1866 Serikali ya nchi hiyo ilikubali shauri la Jacob Snider, Mmarekani, la kukata sehemu ya nyuma ya mtutu na kutia kifuniko chenye bawaba, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Bunduki nyingi za Enfield ziligeuzwa hivyo. Mageuzi hayo hayapunguzi bei, maana yalifanywa kwa amri ya jeshi lenyewe, nayo ni sehemu ya historia ya silaha ile.

Habari ya Lee-Enfield ni nyingine. Hii ndiyo bunduki waliyoijua askari wa King's African Rifles. Katika ile fupi ya vita vya 1914 mpaka 1918, ubao hufunika mtutu mpaka karibu na mdomo, na hapo mbele hutiwa singe. Baada ya vita serikali ziliuza bunduki za ziada kwa bei ndogo, na wengi waliozinunua walikata ubao wa mbele na kuondoa mahali pa singe, ili ziwe nyepesi porini. Mkusanyaji aonapo bunduki ya namna hiyo haoni tena silaha ya askari. Huona nusu yake.

Pili, kurudishwa. Ikiwa ni ubao tu uliokatwa, mbao na vyuma vya asili vyaweza kutafutwa. Tuchukue mfano tu wa hesabu. Bunduki nzima ya namna ileile yauzwa paundi 1,000. Vitu vilivyopungua vyagharimu paundi 400, na ujira wa fundi ni paundi 150. Zitabaki paundi 450. Mnunuzi mwenye busara hatoi hata hizo zote, kwa kuwa bunduki iliyounganishwa upya hailingani kamwe na ile isiyoguswa. Lakini mtutu ukiwa umefupishwa, au chuma chake kimetobolewa matundu ya kufungia darubini, hasara hiyo haiponi kwa urahisi. Hiyo ipimwe kama bunduki ya kuwindia tu.

Lakini si kila badiliko ni hasara. Mafundi wa Griffin & Howe, walioanza kazi mjini New York mwaka 1923, walizigeuza bunduki za Springfield kwa ustadi mkubwa, na kazi yao yaweza kuuzwa ghali kuliko bunduki ambayo haijaguswa. Basi tafuta alama ya fundi, wala usiamini neno la mdomo.

Tatu, usalama, nao wapita bei. Bunduki za Springfield za mwaka 1903 zilizotoka katika kiwanda cha Springfield, Massachusetts, zenye namba chini ya 800,000, zilitengenezwa mpaka mwanzoni mwa mwaka 1918, wakati ambapo vyuma vingine vilichomwa kupita kiasi katika kutiwa ugumu. Baadhi yake zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Rangi mpya na ubao unaong'aa havionyeshi hatari hiyo. Kwa hiyo soma namba. Tazama kama namba ya komeo ni sawa na ya bunduki. Chungulia ndani ya mtutu kama michirizi yake haijaliwa na kutu. Kisha umpelekee fundi wa bunduki kabla ya kutoa fedha, na kabla ya kutia risasi hata moja.

Mwisho, hati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ya jeshi au stakabadhi ya mauzo huongeza thamani, kwa kuwa huthibitisha asili. Tena katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, idhini ya Serikali hutangulia mapatano ya bei. Asiyekuwa nayo asijadiliane bei kabisa, hata akiambiwa kwamba silaha ile ni ya babu yake.